Nyumba ya kaboni Kitale na Bungoma: uliza kwanza ni kaboni gani

Neno "kaboni" siku hizi linauza vitu. Kuna baiskeli za kaboni, kuna fimbo za kuvulia za kaboni, na sasa wapo watu wanaowafuata wastaafu na wafanyabiashara wenye viwanja Kitale na Bungoma, karatasi za rangi mkononi, wakiwauzia wazo la nyumba ya kaboni. Nyepesi, haishiki kutu, haikati mti hata mmoja, inasimama kwa muda mfupi na inaokoa mazingira. Wasomaji wetu si wachache wenye watoto, wakwe au biashara kule juu. Njia ya Mwambao kwenda Mumias ilizoeleka tangu enzi za misafara, na hadi leo si ajabu kusikia lafudhi ya Mombasa katika soko la Bungoma. Kwa hivyo maneno haya yanatuhusu.

Mimi nimekaa katika kazi ya ujenzi miaka mingi, na kabla ya hapo nilikuwa fundi wa faiba katika karakana ya boti. Maswali ya aina hii hunifikia hata nikiwa barazani. Nitaeleza ninavyojua, kisha kila mtu apime na mfuko wake.

Tuanze na boti, maana hilo kila mtu wa pwani amelishika kwa mkono. Boti ya faiba ni vitu viwili vilivyooana. Kuna nyuzi za kioo, zile zinazowasha ngozi, na kuna gundi ya maji ambayo ukiitia dawa yake inakauka na kuwa ngumu. Nyuzi peke yake ni kitambaa, hazisimami. Gundi peke yake inavunjika kama sahani. Zikikaa pamoja, nyuzi zinabeba mvuto na gundi inazishika zisiteleze, unapata ganda linalopigwa na wimbi miaka ishirini. Kitu cha namna hii wataalamu wanakiita kompoziti. Sasa toa nyuzi za kioo, weka nyuzi za kaboni mahali pake. Hiyo ndiyo kompoziti ya kaboni, na kanuni yake haikubadilika.

Kilichobadilika ni nguvu na bei. Uzi wa kaboni ni mwembamba kuliko unywele, na hutengenezwa kwa kuchukua uzi wa plastiki maalumu na kuupasha joto la zaidi ya nyuzi 1,000 bila hewa, mpaka kila kitu kingine kitoke na kaboni ibaki. Kwa uzito, ni chini ya robo ya chuma, na kwa kuvutwa unakishinda chuma cha nondo mara kadhaa. Ndiyo maana ndege aina ya Boeing 787 Dreamliner, ambazo Kenya Airways ilianza kuzipokea mwaka 2014, karibu nusu ya uzito wake ni kompoziti za aina hii. Katika ndege kila kilo unayoipunguza ni mafuta unayoyaokoa kila siku, kwa hivyo gharama inajilipa.

Lakini nyumba hairuki. Hapo ndipo hesabu inapogeuka. Kilo moja ya nyuzi za kaboni za kawaida za viwandani huuzwa kwa takriban dola 15 hadi 30 kabla hujatia gundi wala kulipa fundi, na nondo ya chuma ni kama dola moja kwa kilo. Hata ukitumia kilo chache zaidi, bado utalipa mara nyingi. Tena moto ule wa kuutengenezea uzi unakula nishati nyingi mno, kiasi kwamba kilo ya kaboni inaingia sokoni ikiwa na deni kubwa la hewa chafu kuliko kilo ya chuma. Anayekwambia ni kitu cha kijani, muulize kiwanda chake kinatumia umeme gani.

Si kwamba haijajengwa nyumba. Mwaka 2022 huko Dresden, Ujerumani, Chuo Kikuu cha Ufundi kilimaliza jengo linaloitwa Cube, ambalo zege lake lote limewekewa nyavu na fito za kaboni badala ya nondo. Sababu yao ni ya maana. Nondo inataka zege nene la kuilinda isishike kutu, na kaboni haishiki kutu, kwa hivyo ukuta unaweza kuwa mwembamba na saruji ikapungua sana. Ni wazo zuri, na mimi nalifuatilia. Ila wale ni watafiti wenye serikali nyuma yao, na lile ni jengo la majaribio.

Na ukifikiri vizuri, faida hiyo ya kutoshika kutu inamfaa nani? Inatufaa sisi. Nenda Mji wa Kale, au nyumba yoyote ya zege iliyojengwa karibu na bahari, utazame chini ya baraza. Zege limefura, limepasuka, na nondo iliyo ndani imevimba kama andazi kwa sababu ya chumvi. Kubandika mikanda ya kaboni kwenye boriti na nguzo zilizochoka ni kazi inayofanywa duniani kote, na fito za nyuzi za kioo zinawekwa katika kuta za bandari na madaraja badala ya nondo. Hapo bei inaweza kueleweka, maana unaokoa jengo zima kwa kilo chache. Kitale iko mita 1,900 hivi juu ya bahari, na chumvi ya kule ni ile ya kwenye ugali tu. Kumuuzia mtu wa Kitale dawa ya kutu ya bahari ni kama kumuuzia mtu wa Lamu sweta mbili.

Basi shida ya Kitale na Bungoma ni nini? Ni mvua, baridi ya usiku, bei ya saruji, na kuni.

Ukipita barabara ya Bungoma kwenda Webuye, au ukiingia vijiji vya Trans Nzoia, utaona matofali mekundu yamepangwa kama nyumba ndogo na moshi unatoka pembeni. Ni tanuri la matofali ya kuchoma. Sisi pwani tunalo la kwetu, tanu ya chokaa, kwa hivyo hatuna la kumcheka mtu. Tofali la kuchoma ni zuri, lina rangi ya kupendeza na halihitaji saruji nyingi ndani yake, lakini linakula miti. Tangu Februari 2018, serikali iliposimamisha ukataji miti katika misitu yake, kila mtu huko anajua mti umekuwa mali. Wanaochoma matofali wanategemea mikaratusi ya mashambani, na anayeinunua analipia.

Saruji nayo ina kaboni yake, hata kama haionekani. Hapa naomba msomaji anivumilie kidogo, kwa sababu ndipo watu wanapochanganywa. Jiwe la chokaa, lile lile la machimbo ya Bamburi, limefunga kaboni ndani yake tangu lilipokuwa matumbawe na makome. Ukilichoma kwa nyuzi 1,450 ili upate saruji, kaboni ile inatoka ikiwa hewa na kwenda zake angani, juu ya ile ya mafuta au makaa uliyochomea. Viwanda vya saruji duniani vinatoa kati ya asilimia 7 na 8 ya hewa ya kaboni inayotokana na kazi za binadamu. Kisha mfuko upakiwe lori, na ukitoka Mombasa mpaka Bungoma ni karibu kilomita 900.

Kwa hivyo neno moja, kaboni tatu. Kuna kaboni ya uzi, ile ya ndege. Kuna kaboni ya moshi, tunayoambiwa tuipunguze. Na kuna kaboni iliyolala ndani ya mmea, katika mti, katani, bua la muhindi, usumba wa nazi. Mmea uliivuta hewani ukaifanya mwili wake, na ukiutia ukutani badala ya kuuchoma, imekaa humo. Muuzaji mjanja anaruka kutoka kaboni moja hadi nyingine katika sentensi moja. Anaanza na ndege, anamalizia na msitu wa Mlima Elgon, na wewe umeshatia saini.

Kompoziti ya kweli ya Bungoma ni ya zamani kuliko ndege. Nyumba ya fito na udongo ni nini? Fito na nyasi ni nyuzi, udongo ni gundi. Bibi zetu Kilifi na Kwale waliokandika kuta, na wenzao wa Bungoma waliokandika kwa udongo na samadi ya ng'ombe, walikuwa wanafanya kazi ile ile niliyokuwa nikiifanya karakanani, ila bila kukohoa vumbi la kioo. Nyasi inazuia ufa usikimbie. Udongo ukikauka unajikunja, unataka kupasuka, na kila unapoanza kupasuka unakuta uzi umepita kati. Udhaifu wa nyumba ile ni miguu na kichwa, yaani maji yanayoruka chini na mchwa wanaopanda, na paa fupi lisilofunika ukuta.

Kuna waliojaribu kuunganisha nyuzi za mimea na saruji moja kwa moja, na habari yao inafundisha. Miaka ya 1980 Kenya na nchi nyingine zilipata vigae vya paa vya saruji iliyotiwa nyuzi za katani. Katani tunayo, mashamba ya Vipingo yako hapa Kilifi. Vigae vilikuwa vyepesi kutengeneza, mashine ndogo, kazi kwa vijana na akina mama. Tatizo likaja taratibu. Saruji ni kali kama magadi, na ukali ule unakula uzi wa mmea. Baada ya miaka michache uzi ulikuwa umekuwa vumbi ndani ya kigae na kigae kikawa dhaifu. Watengenezaji wengi waliishia kutoa nyuzi kabisa na kufanya vigae vya zege laini. Ndiyo maana mimi sishabikii kila kitu chenye jina la asili. Uzi wa mmea unaelewana na udongo, haukai vizuri na saruji nyingi.

Njia moja ya kupunguza ukali huo inapatikana Bungoma kwenyewe, na ni majivu ya miwa. Kiwanda cha sukari cha Nzoia, kilichoanza kusaga mwaka 1978, kama viwanda vyote vya sukari huchoma makapi ya miwa kupata mvuke. Makapi ni kama chicha ya nazi, mabaki baada ya tui. Majivu yake, yakichomwa kwa joto linalofaa na kusagwa laini, yana madini yanayoshikana na chokaa na kuchukua sehemu ya saruji. Watafiti wamelipima jambo hili katika nchi nyingi zenye miwa. Lakini lazima yapimwe kwanza maabara, maana majivu ya jikoni na majivu ya kiwanda si mamoja, na yenye mkaa mwingi mweusi hayafai. Asije mtu akazoa jivu la jalalani akaligeuza msingi wa nyumba.

Kitu ambacho ningemshauri ndugu yangu aweke pesa yake leo ni tofali la udongo lililoshindiliwa. Unachukua udongo wa chini, si ule mweusi wa juu wenye mizizi. Unauchekecha, unatia saruji kidogo, asilimia 5 hadi 8 mara nyingi inatosha, unaunyunyizia maji kidogo tu na kuukandamiza kwa mashine. Mashine ya kwanza ya mkono iliyoenea, CINVA-Ram, ilibuniwa Kolombia miaka ya 1950 na mhandisi Raúl Ramírez. Siku hizi zinaundwa hapa hapa Kenya, za Makiga ya Nairobi zikiwa miongoni mwa zinazojulikana zaidi, na kuna zinazotoa tofali lenye ulimi na mfuo, zinazoshikana bila lipu nyingi katikati. Halichomwi. Linakauka kivulini, linanyeshewa maji na kufunikwa wiki ya kwanza, na linaachwa mpaka siku 28 kabla ya kubeba mzigo mzito. Mfuko mmoja wa saruji unaweza kutoa matofali mia na zaidi, ikitegemea udongo na ukubwa wa tofali.

Udongo ndio wenye kuamua. Chukua chupa ya kioo yenye mdomo mpana, jaza udongo mpaka theluthi, tia maji na chumvi kidogo, tikisa sana, uiache siku nzima. Mchanga utakaa chini, vumbi laini juu yake, mfinyanzi juu kabisa. Ukiona mfinyanzi umezidi theluthi, tofali litapasuka, ongeza mchanga. Ukiona karibu wote ni mchanga, halitashikana. Kisha mafundi wana kisanduku cha mbao cha sentimita 60 kwa 4 kwa 4, wanakijaza udongo wenye maji na kuuanika, wanapima umejikunja kiasi gani ndipo wanakata shauri la saruji. Udongo mwekundu wa Kitale mara nyingi unakubali ukisaidiwa na mchanga. Ule mweusi unaonata wa mabondeni uache kabisa, hata kama uko mlangoni kwako.

Nyuzi za katani zilizokatwa vidole viwili au vitatu zinaweza kuingia hapa, chini ya asilimia moja ya uzito, na zinasaidia ufa. Saruji ikiwa ndogo namna hii ukali wake si ule wa kigae. Lakini ukizidisha nyuzi zinajikunja pamoja kama sufu na tofali linakuwa na mashimo. Mabua ya mahindi watu huuliza. Kitale yamejaa, ndiyo, ila mengi yana wenyewe, nao ni ng'ombe.

Sheria haikuzuii. Kwa muda mrefu tulijenga chini ya kanuni za mwaka 1968 ambazo ziliandikwa kana kwamba nyumba ni jiwe na saruji tu, zikarekebishwa miaka ya 1990 ili vifaa vya kienyeji vipate nafasi. Kiwango cha Kenya cha matofali ya udongo ulioimarishwa, KS 02-1070, kipo tangu mwaka 1993. Kanuni mpya ya ujenzi ya mwaka 2024 ilianza kutumika Machi 2025. Kwa hivyo afisa wa kaunti akikwambia udongo hauruhusiwi, mwombe kwa adabu akuoneshe kifungu. Na muuzaji wa kaboni naye mwombe cheti cha kipimo kutoka shirika la viwango, kwa jina la bidhaa ile ile anayokuuzia.

Shemeji yangu mmoja, mwalimu aliyestaafu mwenye kiwanja karibu na Kitale, aliletewa karatasi za namna hiyo mwaka jana, nusu ya kiinua mgongo ilipwe kabla ya kazi kuanza. Akanitumia picha. Nikamwambia, shemeji, tukikata kipande tutazame ndani. Kampuni ikakubali kumpa kipande cha mfano, naye akakileta Mombasa kwa basi. Katikati kilikuwa povu jeupe la plastiki, pande mbili zake kitambaa cha faiba ya kioo na rangi nyeusi. Kaboni haikuwamo hata uzi. Si kitu kibaya chenyewe. Paneli za povu zenye waya na zege juu yake hata Shirika la Nyumba la Taifa lina kiwanda chake Mavoko, na zinajengewa. Lakini ile haikuwa na waya wala zege, na bei yake ilikuwa ya ndege.

Nilimwonesha jambo la moto pia. Gundi za kompoziti, za kaboni na za kioo, huanza kulegea kabla ya maji kuchemka au juu yake kidogo, na zikishika moto moshi wake ni sumu. Kwenye boti unaruka majini. Ndani ya nyumba yenye jiko la kuni, kama zilivyo nyingi Trans Nzoia, watoto wamelala chumba cha pili. Lazima paneli hizo zifunikwe na kitu kisichoungua, na kazi hiyo haikuwamo katika karatasi alizoletewa.

Halafu kuna siku ya kutengeneza. Tofali la udongo likimegeka, fundi yeyote wa Bungoma analing'oa na kuweka jingine kabla ya adhuhuri. Paneli ikipasuka nani ataibandika? Mimi naweza, ila niko Mombasa.

Anayetaka kuanza, apange na mvua. Kitale mvua inaanza Machi au Aprili na inakaa mpaka Oktoba au Novemba, kwa hivyo matofali yashindiliwe kuanzia Desemba, mawe ya msingi yawe tayari, na ukuta upande juu ya msingi wa mawe uliotoka ardhini angalau futi moja na nusu. Paa litokeze nje ya ukuta sentimita 60 au zaidi pande zote. Ukuta mnene wa udongo utalishika joto la mchana na kulitoa usiku, na huko usiku wa Julai utalihitaji. Mabati yaende juu pamoja na dari chini yake, la sivyo mvua ya mawe ikija hamtasikizana ndani.